Kapteni Owen na Mazrui: Mapatano ya Mombasa, 1824–1826

Asimamaye Kipevu, upande wa bara wa Changamwe, huona mbele yake mkono wa bahari unaopitiwa leo na meli za mafuta na za makontena. Maji hayo yaitwa Port Reitz. Jina ni la Luteni John James Reitz wa jeshi la majini la Uingereza, aliyefariki Mei 1824, akiwa mwakilishi wa nchi yake Mombasa kwa muda usiotimia miezi minne. Aliyemweka hapo ni mkuu wake, Kapteni William Fitzwilliam Owen. Makala haya yanakusudia kuchunguza kwa nini afisa wa dola kubwa aliwaunga mkono watu waliomwasi rafiki wa dola hiyo, na ni nani aliyelipa gharama ya tendo lake.

Maafisa waliotangulia mbele ya serikali zao hawakutokea Uingereza peke yake. Katika Urusi ya miaka hiyohiyo, Kanali Pavel Pestel na wenzake walikula njama ya kuuondoa utawala wa kifalme usio na mipaka na kuwakomboa wakulima waliokuwa milki ya mabwana wa ardhi. Owen hakuwa mwanamapinduzi. Hata hivyo, yeye naye aliyaona maovu ambayo wakubwa wake waliyavumilia kwa ajili ya siasa.

Mazrui na Sayyid Said

Mazrui walikuwa maliwali wa Mombasa kwa niaba ya Oman. Ukoo wa Al Busaidi uliposhika utawala huko katika miaka ya 1740, wao walikataa kuutambua. Walitawala kwa kutegemea wazee wa Tisa Taifa na Thelatha Taifa, ambamo Wachangamwe wamo, pamoja na Wamijikenda wa bara. Tungo za Muyaka bin Haji ni shahidi wa ari ya mji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1820, Sayyid Said aliwanyang'anya Pemba, nao wakakosa ghala la chakula chao.

Said alikuwa rafiki wa Waingereza. Mnamo 1822 alikubali kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo, lakini biashara hiyo iliendelea baina ya Waislamu. Kwa serikali ya London hatua hiyo ilitosha kwa wakati ule. Kwa Owen haikutosha hata kidogo.

Mapatano

Mwishoni mwa 1823 Owen, aliyekuwa akiipima pwani kwa manowari Leven, alionana na Said huko Maskati. Alipofika Mombasa Februari 1824 aliikuta bendera ya Uingereza imekwisha kupandishwa na Mazrui wenyewe. Liwali Suleiman bin Ali alitaka ulinzi. Owen alitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Wakapatana: Uingereza ingewarudishia Mazrui milki zao za zamani, utawala ungebaki katika ukoo wao, ushuru wa forodha ungegawanywa nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ingepigwa marufuku mjini.

Ni dhahiri kwamba kila upande ulimtumia mwenzake. Mazrui hawakuwa wapinzani wa utumwa, wala Owen hakuwa na idhini ya kutoa ahadi kama hiyo. Alitumaini kwamba jambo likishatendeka serikali yake ingelikubali.

Matumaini hayo hayakutimia. Reitz alikufa kwa homa. Luteni James Emery, aliyeshika kazi tangu Agosti 1824, alijitahidi kulisimamia sharti la watumwa akiwa na watu wachache mno. Pemba haikurudi, huku nusu ya ushuru ikiendelea kutolewa, manung'uniko yakazidi. Hatimaye serikali ya Uingereza ilikataa kuyathibitisha mapatano, na Julai 1826 bendera ikateremshwa.

Hitimisho

Mwezi huohuo Pestel na wenzake wanne walinyongwa St. Petersburg, baada ya uasi wa Desemba 1825 kushindwa. Hapo ndipo ulipo mpaka baina ya maafisa hawa wawili. Pestel aliweka rehani shingo yake mwenyewe. Owen aliendelea na utumishi, akachapisha habari za safari zake mnamo 1833, akafikia cheo cha admirali, na kufariki Kanada mnamo 1857. Rehani yake ilikuwa Mombasa. Said aliushambulia mji mnamo 1828, akarudi tena na tena, na mnamo 1837 akautwaa kwa kutumia mafarakano ya Mazrui wenyewe. Wakuu wao walikamatwa kwa hila wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena.

Hapana shaka kwamba Owen aliuchukia utumwa kwa dhati. Lakini dhati ya mtu haimpi mamlaka ya kuahidi kisichokuwa chake. Katika ramani za bandari limebaki jina la kijana aliyetumwa kuitimiza ahadi hiyo. Wale walioiamini hawakupewa hata ghuba.