Skii juu ya Kibo: mbao zile alibeba nani?

Wadau, wikiendi hii nipo Kintinku. Huku theluji ni neno la kwenye kitabu cha jiografia. Sisi tunajua mpunga, vumbi la kiangazi na honi ya treni ya Reli ya Kati ikielekea Manyoni. Mwambie mzee wa hapa kwamba kuna watu wanafunga mbao miguuni na kuteremka mlima kwa raha zao, atakuuliza kwanza kama wana akili timamu. Akishacheka, atakuuliza la pili: hizo mbao zilifikaje huko juu?

Swali hilo la pili ndilo linalonisumbua, maana lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Sisi wa mjini tumezoea kuamini kuwa skii ni mambo ya Uswisi na ya kwenye sinema. Kumbe mchezo huu una zaidi ya miaka 100 katika ardhi ya Tanzania! Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao za skii, wakafika kileleni, kisha wakazitumia kuteremka. Walter ni ndugu wa Wilhelm Furtwängler, yule kiongozi maarufu wa okestra. Jina la Walter limebaki mlimani, kwani kipande cha barafu kilichomo ndani ya kreta, jirani na kilele, kinaitwa Furtwängler mpaka leo.

Hebu piga picha. Leo makumi ya maelfu ya watu wanapanda Kilimanjaro kila mwaka, na kileleni watu wanapanga foleni ya kupiga picha kwenye kibao. Mwaka 1912 hakukuwa na foleni. Tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wafike juu tarehe 6 Oktoba 1889, waliofuata walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mlima mzima, watu wawili na mbao zao. Raha iliyoje...

Lakini raha hiyo ilikuwa na mgongo wake. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Huku kwetu, Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kwa hiyo reli ilipita Kintinku ndani ya miaka hiyo hiyo. Reli zote mbili zilijengwa kwa jasho la maelfu ya Waafrika. Na pale reli ilipokomea, mzigo ulihamia kichwani na begani kwa mtu. Tangu 1898 Wajerumani walikuwa wakitoza kodi ya kibanda, na mwanaume asiyekuwa na fedha ilimbidi akaitafute: shambani kwa mlowezi, kwenye reli, au kwenye upagazi. Safari za mlimani za enzi hizo zilitegemea wapagazi kwa mahema, chakula, kuni na vifaa.

Sasa soma historia ya skii ya 1912 popote inapotajwa. Utakuta majina mawili, basi. Waliopandisha mizigo wameyeyuka kabla ya theluji yenyewe.

Na msiniambie kwamba haikuwezekana kuandika majina yao. Meyer alimtaja kwenye kitabu chake Muini Amani wa Pangani, aliyekaa naye kwenye kambi ya juu mwaka 1889. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu tunamkumbuka kama kiongozi wa safari ile kwa sababu watu wa kwao walishikilia jina lake kwa karibu miaka 100, mpaka akatunzwa wakati wa maadhimisho ya 1989. Kwa maneno mengine, jina hubaki pale mtu anapoamua libaki.

Mtauliza, mbona skii haikuota mizizi Kibo? Jibu lipo kwenye mlima wenyewe. Kilele kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako hata kufunga kamba za viatu ni kazi ya kutweta. Hakuna barabara ya kufika huko. Theluji mpya huja baada ya mvua, nayo haikai sana, kwani tuko karibu na ikweta na jua linapiga moja kwa moja. Barafu ya zamani nayo imesimama kama kuta, si kama mteremko wa kuchezea.

Na kuta hizo zinakwisha. Mwaka huo huo wa 1912 Mjerumani mwingine, Fritz Klute, alipima barafu ya Kibo, na ramani yake ikaonyesha takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Asilimia 85 imekwenda! Wanasayansi wanataja ongezeko la joto duniani pamoja na hewa kavu na upungufu wa theluji mlimani, uliokuwapo hata kabla ya 1912. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilisema barafu ya Kilimanjaro inatarajiwa kutoweka kabla au kufikia 2050. Wengi wetu tunaosoma hapa tutakuwa hai.

Jirani zetu wao waliamua kuifuata theluji. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyekuwa hajawahi kuona theluji mpaka alipopelekwa Finland kufanya mazoezi, alishiriki mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Lakini mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Sisi tuliotelezewa skii nyumbani tangu 1912 hatukuwa tumepeleka mtu hata mmoja kwenye Olimpiki ya majira ya baridi hadi ile ya Beijing ya 2022.

Binafsi sililii medali. Ninachokililia ni kumbukumbu. Barafu hatuwezi kuizuia kwa maneno, lakini majina bado yanaokoleka. Marangu, Old Moshi na Machame kuna koo ambazo babu na baba zao walibeba mizigo ya wazungu mlimani, na wajukuu bado wanasimulia. Mdau unayetoka huko, likizo ijayo beba daftari. Uliza nani alipanda, mwaka gani, alibeba nini, alilipwa shilingi ngapi au rupia ngapi, na nani hakurudi. Andika kwa Kiswahili, weka na jina la aliyekusimulia. Ukisubiri 2050, utakuta mwamba mtupu na hakuna wa kumuuliza.