Katika 'coup d'état', nani humpiga nani?

MWANAFUNZI wangu mmoja aliandika insha kuhusu tukio la Agosti 1, 1982, na humo akatumia 'coup de tat' mara nne. Nililizungushia kosa wino mwekundu, kisha nikataka kumwandikia pambizoni maana ya neno lenyewe kwa Kiswahili. Nikaandika 'mapinduzi'. Nikafuta.

Tuanze na tahajia, maana hiyo ni rahisi. Wafaransa huandika 'coup d'État', kwa É kubwa kwa kuwa hapa État ni dola. Ile 'd' yenye ritifaa ni kifupi cha 'de'. Waingereza walipolikopa katika karne ya 17, waliishia kuiandika herufi hiyo ndogo lakini matamshi wakayaacha: ku-de-ta. Wingi wake ni 'coups d'état', 's' ikiingia katikati. Heri hilo kuliko 'coup de grâce', pigo la kummalizia anayeteseka, ambalo wengi hulitamka 'ku-de-gra' wakijifanya Wafaransa kuliko Wafaransa wenyewe. Mfaransa akisikia hivyo atadhani ni pigo la mafuta!

'Coup' ni pigo. Ukilifuata hadi Kigiriki utakuta 'kolaphos', yaani kofi. Sasa kofi hili anapiga nani? Wengi wetu tutajibu haraka: wanajeshi wanaipiga serikali. Gabriel Naudé, mkutubi wa Kifaransa aliyechapisha kitabu kuhusu jambo hili mwaka 1639, angetushangaa. Kwake mpigaji ni dola yenyewe: mtawala anayechukua hatua ya ghafla na ya siri, nje ya sheria, eti kwa manufaa ya umma. Mfano wake mmoja ni mauaji ya Waprotestanti yaliyoanza Paris siku ya Mtakatifu Bartholomayo mwaka 1572. Na hakuwa akiyalaani, alikuwa akiyatetea.

Maana hiyo haikufa naye. Desemba 2, 1851, Louis-Napoléon Bonaparte alikuwa tayari rais, tena wa kuchaguliwa. Katiba ilimzuia kugombea tena. Basi akavunja bunge, akakamata wapinzani, na mwaka uliofuata akawa maliki. Wafaransa hadi leo huliita tukio hilo coup d'État. Hebu litafsiri kwa Kiswahili. Alimpindua nani? Alijipindua?

Hapo ndipo 'mapinduzi' linaponiponyoka. Kitenzi 'pindua' kinadai awepo aliye juu anayeletwa chini. Tena tumelibebesha neno hili mizigo mingi mno: Zanzibar, Januari 12, 1964, ni Mapinduzi, viwanda vya Uingereza navyo vilileta mapinduzi, na waliokiteka kituo cha redio Nairobi mwaka 1982 walifanya jaribio la mapinduzi. Kwa hayo mawili ya kwanza Mfaransa ana neno lake jingine, 'révolution'. Sisi tukisema 'mapinduzi ya kijeshi' tumewabana wanajeshi, sawa, lakini rais anayechana katiba akiwa ameketi kitini hatuna jina lake. Anaponea kwenye msamiati.

Kwenye ile insha niliishia kuandika 'unyakuzi wa dola', nikajiona nimepata. Mwenyewe aliporudishiwa daftari akaja kuniuliza kama ni dola za Marekani.