Fahamu Viwango vya Ukomo wa Vihatarishi Mahali pa Kazi

Kiwango cha ukomo ni kiasi cha juu cha kemikali, vumbi, kelele au kihatarishi kingine ambacho mfanyakazi hapaswi kukipita kwa muda uliowekwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi dhidi ya vihatarishi, na utekelezaji wake unasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Katika kupanga kiwango, wataalamu hupitia kumbukumbu za wafanyakazi waliougua pamoja na matokeo ya maabara, hubaini kiasi kinachoanza kuleta madhara, kisha hushuka chini yake. Mamlaka nazo huangalia kama kiasi hicho kinapimika na kinatekelezeka. Ndiyo maana viwango hutofautiana baina ya nchi na hubadilika ushahidi unapoongezeka. Mwaka 2016, Marekani ilishusha ukomo wa vumbi la silika, linalotoka kwenye mawe na mchanga, hadi miligramu 0.05 kwa mita ya ujazo ya hewa.

Viwango vipo vya aina tatu: wastani wa saa 8 za kazi, wastani wa dakika 15, na kile kisichopaswa kupitwa hata kwa nukta moja.

Muda ni sehemu ya kipimo. Taasisi ya utafiti ya Marekani, NIOSH, inapendekeza kelele zisizidi desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, na 91 ni saa 2. Vivyo hivyo, kwa anayefanya zamu ya saa 12, silika ya miligramu 0.05 inapaswa kushuka hadi takriban 0.033.

Hata hivyo, kuwa chini ya ukomo si hakikisho la usalama. Ugonjwa wa mapafu utokanao na silika hauna tiba, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Mwajiri anashauriwa kwanza kuondoa chanzo, kulowanisha vumbi au kuzingira mashine. Barakoa na vizibo vya masikio ni kinga ya mwisho. Mfanyakazi naye aulize mambo mawili: kipimo cha eneo lake ni kiasi gani, na kilikokotolewa kwa saa ngapi.