Kenya: Punda na Tembo Mbele ya Sheria

Nchini Kenya, mnyama wa porini na mnyama wa kazi hawalindwi kwa uzito mmoja. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kama ilivyotungwa, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 za Kenya au kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka, kama vile faru. Mnyama wa kazi, kwa upande wake, hutegemea Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, iliyoanza kutumika mwaka 1963.

Sheria hiyo kongwe inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumtwisha mzigo kupita kiasi na kumfanyisha kazi asiyoiweza. Hata hivyo, adhabu yake ya jumla haizidi shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Kiasi hicho, kilichokuwa kikubwa wakati wa uhuru, leo hakimtishi mtu anayepata faida kutokana na mateso ya mnyama.

Athari zake zilidhihirika katika biashara ya ngozi za punda, ambazo huchemshwa nchini China ili kutengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao. Utafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ulionyesha kwamba zaidi ya punda 300,000 walichinjwa nchini Kenya kati ya mwaka 2016 na 2018, kasi iliyopita ile ya kuzaliana kwao. Wizi wa punda ulienea, na familia zilizowategemea kubeba maji, kuni na mazao zikabaki bila msaidizi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, lakini Mahakama Kuu iliitengua marufuku hiyo mwaka 2021. Februari 2024, Umoja wa Afrika uliafiki kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Wanaotaka mageuzi wanapendekeza sheria mpya itakayoongeza adhabu na kumpa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza, badala ya kumkataza ukatili tu. Msingi wake ni uhuru wa aina tano: dhidi ya njaa na kiu, usumbufu, maumivu na maradhi, hofu, pamoja na uhuru wa kuishi kwa tabia ya asili.

Tanzania ilikwisha kutunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Kwa Kenya, liko suala jingine: Katiba ya mwaka 2010 imeipa serikali ya kitaifa ulinzi wa wanyama na wanyamapori, na kuzipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama. Sheria yoyote mpya italazimika kubainisha ni nani atakayemkagua punda barabarani, la sivyo itabaki maandishi matupu.