Samaki Mkavu wa Garsen na Mali Kauli

Katika taarifa hii ya mwaka, baada ya hesabu za michango na misiba, tumeona vema kuwaandikia wanachama na wazee wetu habari za biashara ya samaki mkavu, kwani ndiyo iliyozilisha nyumba nyingi kandokando ya Mto Tana.

Mto huu, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, ukikaribia bahari hutanda mabondeni na kuyajaza maziwa kama Shakababo na Bilisa. Mafuriko yakija, samaki huingia humo wakazaana. Maji yakipungua, huvuliwa kwa wingi. Lakini barafu haikuwako, na mafuriko makubwa, kama yale ya mwaka 1961 na ya 1997, yalikata barabara. Basi kambare, kamongo na perege walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, au wakabanikwa motoni, hata njia ifunguke kwenda Malindi na Mombasa.

Kazi hiyo hakuiweza mtu mmoja. Mvuvi alihitaji nyavu na chumvi kabla hajapata senti. Mchuuzi alikuwa na fedha, lakini ziwa hakulijua. Hapo ndipo iliposhika desturi ya mali kauli, yaani kupokea bidhaa kwa ahadi ya mdomo na kulipa kwa samaki. Desturi hiyo ilimwinua maskini, naye akaanza kazi bila mtaji. Lakini pia ilimfunga: mwenye deni hakuwa na bei, na pakacha la mkopeshaji ndilo lililokuwa kipimo. Wahenga walinena, kukopa harusi, kulipa matanga.

Mambo mawili yaliitikisa biashara hii. La kwanza ni maji. Baada ya mabwawa ya juu, hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, mafuriko yalipungua, na maziwa yasipojazwa mvuvi hana cha kulipia deni. La pili ni amani. Katika mapigano ya mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika Tana, na serikali ikapiga marufuku kutembea usiku. Wapokomo na Waorma, waliozoea tangu kale kubadilishana nafaka na maziwa, waliogopana sokoni. Na mahali watu wanapoogopana, nani atatoa nyavu kwa neno la mdomo?

Kwa hiyo twasema kwamba mtaji wa kwanza wa Garsen ulikuwa uaminifu, na fedha zilifuata nyuma. Uaminifu huo yatupasa kuutunza kwa vitendo: kila deni liandikwe mbele ya mashahidi wawili, samaki wapimwe kwa mizani badala ya pakacha, na mwaka wa ukame mwenye kudai amvumilie mwenzake. Wazee wakilisimamia jambo hili, vijana watapokea biashara isiyokuwa na kitanzi.