Zune: kicheza muziki cha mkononi kilichokosa soko

Zune ni kicheza muziki cha mkononi kilichotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani ili kushindana na iPod ya Apple, ambayo ilikuwa sokoni tangu mwaka 2001. Kilianza kuuzwa Marekani tarehe 14 Novemba 2006. Toleo la kwanza lilikuwa na nafasi ya gigabaiti 30, kioo cha kutazamia picha na video, pamoja na redio ya FM ndani yake.

Sifa iliyotangazwa zaidi ni kupelekeana nyimbo bila waya. Hata hivyo, mpokeaji alilazimika naye kuwa na Zune, na wimbo aliotumiwa aliweza kuusikiliza mara 3 tu ndani ya siku 3. Aidha, nyimbo zilizonunuliwa chini ya mpango wa awali wa Microsoft, PlaysForSure, hazikuchezeka katika kifaa hicho. Hivyo wateja wa zamani wa kampuni hiyo ndio waliotangulia kuvunjika moyo.

Tarehe 31 Desemba 2008, vifaa vya toleo la kwanza viliganda kwa pamoja, kwa kuwa programu ya saa ilishindwa kuihesabu siku ya 366 ya mwaka huo. Zune HD ya mwaka 2009 ilisifiwa, lakini simu za kisasa zilikuwa zimekwisha kuchukua nafasi yake. Utengenezaji ulikoma mwaka 2011, na huduma ya Zune ikafungwa Novemba 2015.

Kifaa hicho kiliuzwa rasmi Marekani na Kanada pekee, na kilihitaji kompyuta ya kukijazia nyimbo na umeme wa kukichaji. Kwa msikilizaji wa Gitega au Muyinga, masharti hayo ni mazito: nchini Burundi, takriban mtu 1 kati ya 10 ndiye anayepata umeme. Redio ya betri haidai kompyuta wala intaneti. Simu ndogo yenye kadi ya memori nayo hupokea wimbo kutoka simu nyingine, na wimbo huo haufutiki baada ya siku 3.

Kadi hupotea na betri huisha, lakini mwenye nazo hasubiri idhini ya kampuni ili asikilize alichonacho. Zune ilikuwa na redio, kioo na nafasi ya kutosha. Iliyokosa ni uhuru wa kumpa jirani wimbo, naye akabaki nao.