Upana wa Kuazima

Watu wa pwani walijua tangu kale kwamba chombo chembamba hupinduka upesi. Ndiyo maana ngalawa ilifungiwa mbao za kuelea huku na huku, ili wimbi likiisukuma ipate pa kuegemea. Huku kwetu Ziwa Nyasa mtumbwi hauna mbao hizo. Mpiga kasia huusawazisha kwa kiuno chake mwenyewe. Lakini hekima ni ileile: atakaye kusimama imara hana budi kutanua miguu. Waunda magari waliifuata hekima hiyo, kisha wakaja wenye magari ambao hawakuridhika na upana waliopewa na kiwanda.

Katika Afrika ya Mashariki tamaa hiyo ilichochewa sana na mashindano. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 gari la michezo la Kijapani, Datsun 240Z, lilishika nafasi ya kwanza na ya pili. Mshindi alikuwa Edgar Herrmann, na wa pili Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Mehta akahamia Kenya. Mwaka 1973 alirudi mashindanoni na 240Z akashinda, baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Gari lile sasa ni la kale, na wapenzi wake wametapakaa duniani. Wengi wao hulifungia spesa, yaani bamba nene la chuma au aluminiamu linalowekwa kati ya habu na ringi ili tairi litokeze nje. Tuhesabu faida yake. Kati ya tairi mbili za mbele za 240Z, kama lilivyotoka kiwandani, kuna milimita 1,355. Spesa ya milimita 20 kila upande huongeza 40, jumla 1,395. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 3 hivi. Gari litalala kidogo zaidi kwa uimara kwenye kona, na machoni litapendeza.

Sasa tuhesabu gharama. Shika ndoo ya maji karibu na mwili, kisha inyooshe mbali kwa mkono. Ndoo ni ileile, maji ni yaleyale, lakini bega hulia. Beringi ya gari ndiyo bega hilo. Usukani nao huwa mzito, na kila shimo hupiga hodi mikononi mwa dereva. Tena kuna boliti. Za gari hili zina unene wa milimita 12, na nati inapaswa kuuma uzi kwa urefu usiopungua unene huo. Spesa ikimeza milimita 20 za boliti ya zamani, nati hupata uzi mchache au isipate kabisa. Uzi mchache hutosha gari lililosimama, haumtoshi abiria.

Kwa hiyo fundi makini huweka boliti ndefu zaidi, au hutumia spesa nene yenye boliti zake. Huhakikisha tundu la kati linakaa barabara juu ya habu, husugua kutu na rangi, hukaza nati kwa kupishana, na baada ya kilomita 100 za kwanza hurudi kuzikaza tena. Spesa yenyewe si dhambi: baadhi ya Porsche 911 Turbo za miaka ya 1970 zilitoka nazo kiwandani nyuma. Lakini hizo ziliandamana na boliti ndefu na hesabu za wahandisi.

Hapa Njisi, karibu na mpaka wa Kasumulu, nimeona vijana wakifunga spesa kwenye magari yanayobeba watu na magunia ya mchele. Nilimwuliza mmoja sababu yake.

“Shikamoo Mwalimu. Magari ya mashindano ndivyo yalivyo,” alisema.

“Marahaba. Na hao wa mashindano hukagua beringi mara ngapi?”

Akacheka. “Hilo hawalionyeshi kwenye picha, Mwalimu.”

Jibu lake lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani. Historia tunayoirithi aghalabu ni picha ya mshindi juu ya boneti, shada la maua shingoni. Waliolala matopeni usiku chini ya gari, wakibadilisha beringi na kukaza nati, hawamo pichani. Anayeiga picha huchukua upana na kuyaacha matunzo yaliyoubeba. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Barabara yetu hushuka kutoka milima ya Tukuyu hadi ufukweni, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kwenye mteremko ule, gari likiwa limejaa, asilimia 3 ya upana haimwokoi mtu, bali nati iliyolegea yaweza kumwua. Upana wa namna hii huazimwa kutoka kwenye beringi na boliti. Mwenye gari asiyelipa deni hilo gerejini, abiria watamlipia njiani.